Kufuta Si Kusafisha: Badilisha Kufuli Kwanza

Mwaka juzi shangazi yangu aliugua akalazwa siku nne. Ana duka la nafaka Kawangware, na duka kama hilo likifungwa siku nne, wateja wanahamia kwa jirani na hawarudi. Kwa hivyo alimwachia kijana wake wa duka simu ya biashara, kisha akamtumia PIN kwa meseji ili aweze kuwalipa watu wa mahindi wakileta magunia. Kumpa mtu PIN ni makosa, sote tunajua. Lakini ukiwa kwenye kitanda cha hospitali na mwenye magunia yuko mlangoni anataka pesa yake, unafanya unachoweza.

Alipotoka hospitali aliniita. "Wewe ndiye umesoma hizi mambo. Nifutie hiyo meseji isionekane na mtu." Nikaifuta kwenye simu zote mbili. Nikamwambia, "Shangazi, sasa uko salama." Akanipikia chai.

Wiki tatu baadaye shilingi 14,600 zilitoka kwenye simu ile ile, ikiwa kwenye chaja nyuma ya kaunta. Kijana wa duka hakuwa mwizi. Kumbe siku ile ya kwanza aliogopa kuisahau PIN, akaiandika ndani ya jalada la daftari la madeni. Na daftari la madeni hushikwa na kila mtu anayeingia nyuma ya kaunta. Meseji nilikuwa nimeifuta vizuri kabisa. PIN ilibaki ile ile.

Kubadilisha PIN ni kazi ya dakika moja. Sikumwambia. Nilimrudishia nusu ya pesa hiyo polepole kutoka kwa mshahara wangu, na hadi leo akinitania kuhusu digrii yangu huwa sina jibu.

Nasimulia haya kwa sababu sasa nafanya kazi ya masoko katika kampuni inayohamisha pesa za watu, na nimekuja kugundua kwamba kosa langu hufanywa pia na wahandisi wa kampuni kubwa duniani. Hufanyika mahali ambapo wewe mteja huwezi kupaona, panapoitwa ghala la msimbo. Maoni yangu ni kwamba usafi wa ghala hilo ni haki yako, na unafaa kuudai vile unavyodai ada ya chini.

Ghala la msimbo ni kitu gani?

Nyuma ya kila apu ya pesa, na nyuma ya kila huduma ya kupiga nyota na alama ya reli, kuna maandishi. Ni maelfu na maelfu ya mistari inayoiambia kompyuta la kufanya: mteja akiweka PIN, ilinganishe, salio likitosha, litoe, ada, ikate, kisha tuma meseji pande zote mbili. Maandishi hayo ndiyo msimbo. Mahali yanapowekwa, yakapangwa na kulindwa, ndipo ghala la msimbo.

Kampuni nyingi hupanga ghala lao kwa programu inayoitwa Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Sifa yake kubwa ni kumbukumbu. Kila badiliko linahifadhiwa: nani aliandika, lini, na kabla ya hapo palikuwa na nini. Fikiria daftari la chama lililoandikwa kwa kalamu ya wino. Mweka hazina akikosea, hafuti. Anapiga mstari juu ya kosa na kuandika upya chini yake, na aliyekosea bado anasomeka. Hilo ni jambo zuri, kwa sababu mfumo ukiharibika unaweza kurudi nyuma ukaona ulikoharibikia.

Lakini kumbukumbu hiyo haichagui. Mhandisi akiandika nenosiri ndani ya msimbo leo kwa haraka, kesho akalifuta, nenosiri linabaki kwenye historia. Yeyote anayeweza kufungua ghala anaweza kurudi nyuma siku moja akalisoma. Ni jalada la daftari la madeni.

Na ghala hujaa. Kuna huduma iliyojaribiwa ikaachwa, akaunti ya mfanyakazi aliyeondoka bila ruhusa yake kufungwa, na programu zilizoazimwa kwa watu wengine ambazo hakuna aliyerudi kuziangalia. Na hapa nikiri: uchafu mwingine ni wetu sisi watu wa masoko. Tunaomba ofa ya Krismasi, wahandisi wanaandika msimbo wake usiku kucha, Januari inafika, ofa inaisha, na sisi tayari tunaongea kuhusu Pasaka. Msimbo wa Krismasi unabaki pale umelala.

Ufunguo uliosahaulika mara mbili

Wengi wetu Nairobi na Mombasa tumepanda gari la Uber. Wacha niwaambie kilichoipata kampuni hiyo.

Mwaka 2014, mhandisi wake mmoja aliweka ufunguo wa kuingilia data za kampuni kwenye ukurasa wa wazi katika GitHub, mtandao ambao watengenezaji wa programu huhifadhia maghala yao. Mtu asiyehusika akauona, akautumia, na taarifa za maelfu ya madereva zikatoka nje. Ungedhani somo limeeleweka. Mwaka 2016, wadukuzi waliingia kwenye ghala la faragha la kampuni hiyo hiyo, wakapata tena ufunguo umeandikwa ndani ya msimbo. Safari hii walichukua taarifa za watu milioni 57 duniani, abiria na madereva.

Kampuni iliwalipa wadukuzi hao dola 100,000 na ikanyamaza. Wateja walikuja kujua Novemba 2017, mwaka mmoja baadaye. Mwaka 2018 ilikubali kulipa dola milioni 148 kumaliza kesi na majimbo ya Marekani.

Mimi naona mambo mawili hapa. La kwanza, ghala la faragha halitoshi. "Ni ya ndani tu, hakuna mtu wa nje anaona" ni maneno yale yale ya "simu iko nyuma ya kaunta." La pili, ufunguo ukishaonekana na mtu mmoja asiyefaa, kuufuta hakusaidii. Dawa ni kubadilisha kufuli, ili ufunguo wa zamani ubaki kipande cha chuma kisichofungua kitu.

Hili si la kampuni kubwa peke yake. Kijana akimtengenezea mama mwenye duka la nguo tovuti ya kupokea malipo, huwa anapewa funguo za kuunganisha tovuti na mfumo wa malipo. Akiziandika moja kwa moja ndani ya msimbo, kisha akauweka hadharani ili aonyeshe waajiri kazi yake, amewaonyesha pia wezi. Mama wa nguo hajui hata kama kuna kitu kinaitwa ghala. Kwa hivyo kama una biashara na kuna mtu alikuunganishia malipo, muulize leo: funguo zangu umeziweka wapi, na nani mwingine anaweza kuziona?

Msimbo uliolala ukaamka

Kuna watu watasema, sawa, funguo nimeelewa, lakini msimbo wa zamani usiotumika una shida gani? Si umelala tu?

Mwishoni mwa Julai 2012, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa, Knight Capital, iliweka msimbo mpya kwenye seva zake nane. Seva saba zikapokea. Ya nane ikasahaulika. Kwenye seva hiyo kulikuwa na msimbo wa zamani ulioitwa Power Peg, ambao kampuni iliacha kuutumia mwaka 2003. Hakuna aliyeuondoa. Na msimbo mpya ulitumia swichi ile ile iliyokuwa ikiwasha ule wa zamani.

Soko lilipofunguliwa asubuhi ya tarehe 1 Agosti, swichi ikabonyezwa na mzee aliyelala miaka tisa akaamka. Akaanza kununua na kuuza hisa bila kukoma. Wahandisi walipoona mambo yameharibika, wakafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: wakauondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba. Matokeo yake, seva zote nane zikaanza kuendesha ule wa zamani. Kwa dakika 45 hivi, kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440, karibu dola milioni 10 kila dakika. Ndani ya mwaka mmoja ilikuwa imeunganishwa na kampuni nyingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kabla ya soko kufunguliwa, mfumo wenyewe ulikuwa umetuma baruapepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja kosa hilo. Hakuna aliyezishughulikia. Wangapi kati yetu tuna meseji za mfumo tusizozisoma?

Hebu rudi kwenye ofa yetu ya Krismasi. Ikiwa mtu ataigusa swichi yake miaka sita baadaye bila kujua, ni nani atarudishiwa pesa ambazo hakustahili, na ni nani atakatwa mara mbili? Ndiyo sababu ninaamini ofa yoyote ya masoko inafaa kuanza na tarehe mbili zilizoandikwa: siku inaanza, na siku msimbo wake utaondolewa. Nimeanza kudai hivyo kwenye mikutano yetu. Si kila mtu anafurahi.

Huwezi kufagia chumba usichojua kipo

Desemba 2021, dunia iligundua tundu baya sana katika programu ndogo inayoitwa Log4j. Kazi yake ni kuandika kumbukumbu za kile mfumo unachofanya, na ilikuwa imeazimwa na mifumo mingi kila pembe ya dunia. Mdukuzi angeweza kuandika maneno machache tu na seva ikamtii.

Swali ambalo kila kampuni ilijiuliza wiki hiyo lilikuwa rahisi: je, sisi tunayo? Wale waliokuwa na orodha ya kila programu waliyoazima walitafuta, wakajibu, wakaziba. Wale ambao hawakuwa na orodha walilazimika kupekua mfumo mmoja baada ya mwingine huku wezi nao wakipekua. Ukaguzi wa ghala unaanzia hapo, kwenye orodha. Ni kazi ya kuchosha na haina picha nzuri ya kuweka kwenye Instagram. Lakini siku ya shida ndiyo itakayoamua kama utalala au hutalala.

Lakini usafi nao unaweza kuumiza

Nisiwadanganye kwamba kila kilichozeeka kitupwe. Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wahandisi, hasa wale vijana wenzangu.

Ukiangalia takwimu za mfumo, unaweza kuona njia fulani ya zamani inatumiwa na watu wachache sana siku ya kawaida. Inakuvutia kuifuta. Lakini nani wako kwenye hiyo njia? Mara nyingi ni mtu wa kabambe, simu ya vibonye isiyo na apu wala bando. Ni babu anayepokea pesa kutoka kwa watoto mwisho wa mwezi tu. Ni mzazi anayelipa karo mara tatu kwa mwaka, na ukipima katikati ya muhula utadhani hayupo. Msimbo mzee unaweza kuwa unamhudumia mzee. Ukiufuta Jumanne tulivu, kilio utakisikia siku ya kufungua shule.

Kwa hivyo usafi mzuri una mpangilio wake. Kwanza, andika orodha ya kila kilichomo. Pili, badilisha kila kufuli ambalo ufunguo wake uliwahi kuonekana, hata kama huna uhakika kwamba kuna mtu aliuona. Tatu, ondoa ruhusa za watu walioondoka au kuhama idara. Nne, kwa kila msimbo unaoonekana kulala, uliza nani anautumia, na upime kwa miezi ya kutosha kufika mwisho wa mwezi na mwanzo wa muhula. Tano, zima kabla ya kufuta. Subiri uone kama kuna anayelia. Mwisho kabisa, futa, ukiwa na njia iliyojaribiwa ya kurudi nyuma. Kufuta kunakuja mwisho. Watu wengi huanzia hapo kwa sababu ndiko kunakoonekana kama kazi.

Wewe mteja udai nini?

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa kazi ya kuandika meseji ya kuwaambia wateja kwamba huduma itafungwa kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi alfajiri kwa matengenezo. Nilinung'unika. Niliona tunawakosea wateja, na kwamba wahandisi wangetumia muda huo kutengeneza kitu kipya cha kutangaza. Siku hizi meseji hizo naziandika kwa moyo mweupe. Mimi ningeogopa kampuni ya pesa ambayo miaka nenda miaka rudi haijawahi kufunga mlango hata saa moja ifagie ndani.

Lakini uvumilivu wako si wa bure. Ukiambiwa "matengenezo", una haki ya kutangaziwa mapema, saa ambayo wahudumu wa boda boda na wauza mboga hawaihitaji sana huduma. Una haki ya kujua taarifa zako zinawekwa kwa nini na kwa muda gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakulinda. Na chini ya sheria hiyo hiyo, data zikivuja na kuna hatari ya kweli kwako, kampuni inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua. Mwaka mzima wa kunyamaza, kama ule wa Uber, hapa kwetu ungekuwa uvunjaji wa sheria. Kwa hivyo uliza. Piga simu huduma kwa wateja, andika kwenye mitandao: mnakagua mfumo wenu mara ngapi? Wateja wakiuliza sana, sisi tulio ndani tunapata nguvu ya kuomba muda wa kufagia.

Kisha ufagie na kwako, kwa mpangilio ule ule. Andika orodha: laini zipi ziko kwa jina lako (kwa laini ya Safaricom, piga *106# uone), apu zipi za mikopo bado zinasoma meseji zako, simu gani ya zamani uliuza ikiwa na akaunti yako ndani. Badilisha kufuli: PIN yoyote uliyowahi kumtajia mtu, hata mke, hata mtoto, hata wakala aliyekusaidia siku moja ulipokuwa huna miwani, ibadilishe leo. Ondoa ruhusa: yule aliyekuwa mweka hazina wa chama mwaka jana bado anaweza kutoa pesa? Halafu ndipo ufute meseji.

Wahandisi wetu wakisoma makala haya watasema nimerahisisha mambo sana. Sawa. Lakini nataka mtu aliyenikalia kwenye matatu asiyejua chochote kuhusu kompyuta aweze kumuuliza mtoa huduma wake swali moja la maana, na swali lenyewe ni hili: mkipoteza ufunguo, huwa mnafuta au mnabadilisha kufuli?

Shangazi yangu siku hizi hubadilisha PIN kila anapobadilisha kijana wa duka. Daftari la madeni bado liko pale kaunta, na ile namba ya zamani bado inasomeka ndani ya jalada. Nilitaka kuichana karatasi hiyo nilipomtembelea mwezi uliopita. Akanikataza. "Wacha ikae," akasema. "Sasa haifungui kitu."